Msumari wa Koko na Gongo la Fedha

Jumatatu, tarehe 8 Desemba 2025

Msumari umeshapigwa. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Koko, yaani bibi yangu Angeline, alimwita fundi asubuhi. Ukuta wetu ni wa udongo na msumari haushiki. Fundi alichimba tundu, akapachika kipande cha ubao, akakandika, akangoja kikauke, ndipo akapiga. Nusu siku kwa msumari mmoja! Koko alisimama nyuma yake akimwelekeza: panda kidogo, shuka kidogo, ndiyo, fasi hiyo hiyo.

Msumari unangojea Gongo la Fedha. Na aliyemwambia Koko kwamba gongo linakuja ni mimi. Nilimwambia Ijumaa, alipokuwa na huzuni. Alikuwa anautazama ukuta. Alisema kule kwetu Kongo, Uvira, ukuta ulikuwa na picha ya harusi yake, kalenda ya parokia na diploma ya baba, na hapa kambini Nakivale miaka minne sasa ukuta ni mtupu kama wa batu ba kupita. Mdomo wangu ukajifungua wenyewe. Nikasema, Koko, usijali, mwaka huu Gongo la Fedha ni langu, kocha ameshasema.

Kocha hajasema kitu. Kocha hata jina langu huwa analikumbuka akishataja majina mengine mawili.

Nieleze vizuri, maana nataka shajara hii iwe ya ukweli. Sisi tunacheza besiboli. Watu hapa wanaiita mupira ya fimbo. Timu za wasichana ni nne: yetu ya Base Camp, ya Juru, ya Rubondo, na moja ya Mbarara mjini. Kocha wetu Nestor alisoma kwenye simu kwamba huko Amerika kila mwaka wanatoa gongo la rangi ya fedha kwa mpigaji bora wa kila nafasi uwanjani, na wanaopiga kura ni makocha. Akawashawishi wenzake na sisi tufanye hivyo. Fundi wa Rwekubo anachonga magongo ya mkaratusi na kuyapaka rangi ya fedha, ile ya mageti. Yanang'aa! Ukilishika linakuachia rangi kidogo mkononi, lakini linang'aa.

Sisi tunaosimama nyuma kabisa, kule kwenye ng'ombe wa watu, tuna gongo moja. Tuko kumi na wawili katika timu zote nne. Mmoja wetu ni Doriane, Mrundi, wa timu yetu. Doriane akipiga mpira, watoto wanautafuta mpaka jioni. Mimi mwaka huu nimegusa mpira mara nne. Mara moja kati ya hizo mpira ndio ulinigusa mimi.

Kwa hiyo kupiga si njia. Njia ni makocha.

(Naandika Kiswahili kwa makusudi. Shule nimesoma Kifaransa Uvira na Kiingereza hapa. Kifaransa Koko anakisoma. Kiingereza Doriane anakisoma. Kiswahili wote wawili wanakisoma pia, lakini hakuna atakayedhani kwamba mtu anaficha siri kwa Kiswahili.)

Jumanne, tarehe 9 Desemba

Siku ya kazi! Mpango ni huu: nimpendeze Kocha Nestor mpaka akiandika kura yake mkono uandike jina langu, Grâce, wenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimchotea maji, madumu mawili. Kisha nikapalilia maharage yake. Mkewe alitoka akauliza niko nafanya nini. Mimi mtu akiniuliza kitu ghafla, shingo inakuwa moto na maneno yanakimbia. Nikaendelea kupalilia. Mkewe akasema kwa upole kwamba upande ule si magugu, ni karoti.

Mchana alikuja Kocha Ndayambaje wa Juru kuazima mipira, wao imewaishia. Nilikuwa nimekalia gunia la mipira. Kocha Nestor hayupo. Nikawaza: nikimnyima adui, kocha wangu atafurahi. Nikamwambia hakuna mipira. Alilitazama gunia. Akanitazama mimi. Ninavyokaa juu ya mipira huwa nateleza, kwa hiyo nilikuwa nateleza. Akaenda zake.

Halafu Kocha Mihigo wa Rubondo alipita na baiskeli akanisalimia. Nilikimbilia kwenye mahindi. Hiyo haikuwa mbinu, hiyo ni haya tu.

Jioni nilijitolea kufua mashati yote tisa ya timu. Kocha akasema aksanti sana, Gloria.

Amekaribia!

Jumatano, tarehe 10 Desemba

Nimekwisha.

Leo kabla ya mazoezi Kocha Nestor alitukalisha chini atueleze kura. Itapigwa Jumamosi jioni baada ya mechi za mwisho, hapa hapa Base Camp. Zawadi ni Jumapili, Mbarara, ukumbi wa kanisa kule Nyamityobora. Akasema kanuni ni kama ya Amerika: kocha haruhusiwi kumpigia kura mchezaji wa timu yake.

Sikusikia kilichofuata. Niliona karoti. Niliona madumu ya maji, yote mawili, na njia yote ya kutoka bombani.

Wanaoweza kunipigia kura ni watatu. Wa kwanza ni Ndayambaje, ambaye nilimnyima mipira nikiwa nimeikalia. Wa pili ni Mihigo, ambaye nilimkimbia kama mwizi. Wa tatu ni Kocha Kyomuhendo wa Mbarara, mama mrefu aliyekuwa jeshini. Yeye sijamkosea, kwa sababu sijawahi kufungua mdomo mbele yake.

Doriane aliniona nimeshika kichwa akauliza naumwa? Akanipa nusu ya muhogo wake. Nilikula. Ni vigumu kumchukia mtu kama huyu, lakini najitahidi.

Nyumbani Koko alikuwa anawaonyesha mama watatu wa kwaya msumari. Msumari tu! Wote watatu waliusifia. Mmoja akasema huo ni wa inchi sita, hauwezi kutoka.

Alhamisi, tarehe 11 Desemba

Mpango mpya: kuomba radhi kwa parachichi. Koko ana mti nyuma ya choo. Nilichuma sita, kubwa, nikazifunga katika kitenge, nikatembea mpaka Juru nimpelekee Kocha Ndayambaje. Njia nzima nilijizoeza: Kocha, nisamehe kwa mambo ya Jumanne, pokea hizi, mimi ni Grâce, ninasimama nyuma.

Nilifika uani kwake. Alikuwepo, anatengeneza redio. Shingo ikawa moto. Nikapita kama mtu anayekwenda mbele. Nikarudi. Nikapita tena. Mara ya nne mbwa akaanza kunifuata, si kwa ubaya, kwa kunizoea.

Ndipo nikamwona nani? Doriane, anatoka kusaga mahindi! Nikamwambia kwa kunong'ona amfikishie kocha hizi parachichi. Hakuuliza hata swali. Akaingia, akaamkia, akacheka na mama wa nyumbani, akapewa kiti. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa miyenzi pamoja na mbwa.

Nilimsikia Kocha Ndayambaje kwa masikio yangu: "Eeh! Namba saba! Huyu mutoto iko na roho muzuri! Si kama ule mwingine wa gunia."

Doriane alimwambia zimetoka kwa Grâce. Kocha akauliza Grâce ni nani.

Parachichi sita! Za Koko!

Lakini nilivyokuwa narudi nilishtuka katikati ya njia. Namba saba, alisema. Hakusema Doriane. Makocha wa timu nyingine hawajui majina yetu! Nilimuuliza Doriane kura inaandikwaje. Akasema Jumatano Kocha alieleza yote, nilikuwa wapi? Kila kocha anaandika timu na namba ya shati kwenye karatasi, basi.

Namba ya shati. Na mashati yote tisa yako kwangu, yamelowekwa.

Mungu anisamehe. Nimefurahi mpaka nimeruka.

Ijumaa, tarehe 12 Desemba

Shati la Doriane ni namba saba. Langu ni kumi na moja. Mwaka mzima makocha wameiona saba ikipiga mpira mpaka kwenye ng'ombe. Kesho saba itakuwa mgongoni mwangu, na kutoka benchi la makocha, chini ya kofia, sura hazionekani. Jioni wataandika saba. Jumapili wataita saba, na saba itakuwa nani? Mimi!

Nilimpelekea Doriane shati kumi na moja. Nikamwambia saba limepasuka kwapani wakati wa kufua, nimelishona lakini kwa mtu mwenye mkono wa nguvu kama wake litapasuka tena, bora nilivae mimi, maana mimi mkono wangu haufanyi kazi kubwa. Nilisema yote hayo bila shingo kuwa moto. Inaonekana uongo naweza, ni ukweli tu unaonishinda.

Doriane alinitazama kidogo. Akasema shati ni shati. Akalivaa hapo hapo, likambana mabegani, akazunguka kama mwanamitindo. Mama yake, Bernardine, akacheka, na mimi nikacheka. Wanakaa katika hema la turubai bado, walihamishwa mafuriko yalipobomoa nyumba yao. Waliniwekea chai. Kikombe kilikuwa kimoja, nikanywa mimi.

Nimeandika hayo ya kikombe kwa sababu nilisema shajara iwe ya ukweli.

Jumamosi, tarehe 13 Desemba

Siku mbaya kuliko zote tangu tulipovuka mpaka.

Koko alikuja! Hajawahi kuja mpirani. Alikuja na mwavuli, na kiti chake, na wale mama watatu wa kwaya. Walikaa upande wa makocha. Kila niliposhika gongo waliniimbia.

Mechi ya kwanza na Juru. Nilikosa mara tatu nikatoka. Kocha Ndayambaje akasema kwa sauti: "Saba ya leo iko na malaria?" Mara ya pili nilikosa tena mara tatu. Mpira wa mwisho nilipiga kwa nguvu zangu zote nikafumba macho, nikajizungusha, nikakaa chini. Mama wa kwaya wakapiga vigelegele, walidhani ndivyo inavyotakiwa.

Halafu akaingia kumi na moja.

Sitaki kuandika. Naandika. Mpira wa kwanza Doriane aliupiga ukapita juu yetu wote, ukapita ng'ombe, ukapita na mchungaji wao, ambaye aliinua fimbo yake kuusalimia. Akazunguka vituo vyote vinne anatembea. Mechi ya pili, na Mbarara, alifanya hivyo mara mbili! Kocha Kyomuhendo akasimama, akatoa kofia, akapiga kelele: "Wewe kumi na moja! Mikono gani hiyo! Hii mtoto alikuwa wapi mwaka mzima?"

Alikuwa ndani ya saba, mama. Ndani ya saba.

Makocha walikaa kwenye benchi wakaandika. Nilipita nyuma yao kama mtu anayetafuta chupa za maji. Niliona karatasi mbili. Kumi na moja. Kumi na moja.

Ningeacha mashati yalivyokuwa, Doriane angeshinda. Nimeyabadilisha, Doriane ameshinda. Nimefua mashati tisa kwa ajili hii.

Njiani Koko alinishika mkono. Alipofika nyumbani akautazama msumari, akaenda kupika.

Jumapili, tarehe 14 Desemba

Mkono wangu una rangi ya fedha.

Tulikwenda Nyamityobora na lori la parokia. Ukumbi umejaa. Hakuna aliyevaa shati la timu, wote nguo za misa. Kumbe! Nikajiuliza sasa watamjuaje mtu? Kocha Kyomuhendo alishika kipaza sauti, akachukua magongo moja moja. Wakafika kwa sisi wa nyuma. Akasema kura zote tatu zimekwenda kwa kumi na moja. Nikaanza kumpigia Doriane makofi. Nilikuwa wa kwanza, nitakumbuka hilo siku zote.

Akatoa daftari. Orodha ya mwezi wa tatu, msimu ulipoanza, namba na jina. Akatafuta kwa kidole. Akasoma: Base Camp, kumi na moja, Grâce!

Ukumbi ukapiga makofi. Nilimtazama Kocha Nestor. Alikuwa anamwita Kocha Kyomuhendo, lakini makofi yalimfunika. Nilimtazama Doriane. Alikuwa ananitazama mimi, na anangoja. Hakukasirika. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyekuachia nafasi upite mlangoni.

Miguu ikaenda mbele. Nikapewa gongo. Kocha Kyomuhendo akanikabili: "Sema kitu, mpigaji!" Kipaza sauti kikaja mdomoni. Katika maisha yangu sijawahi kusema mbele ya watu. Hii ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa na lugha mbili za shule na moja ya nyumbani, na jambo moja tu la kusema.

Nikasema, "Merci. Thank you."

Nikarudi kukaa. Doriane akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Gongo nimelificha chini ya godoro. Koko yuko kwenye jumuiya, hajui bado.

Jumatatu, tarehe 15 Desemba

Koko anajua. Anatandika vitanda, nilisahau.

Niliporudi kutoka bombani gongo lilikuwa mezani, juu ya kitambaa kizuri. Halikuwa kwenye msumari. Koko alikuwa anasonga bugali mingi, na samaki wa ziwani, na mboga ya lengalenga. Nikauliza wageni ni nani. Akasema amemwita Bernardine na binti yake.

Nikasema, Koko, gongo ni langu, walisoma jina langu. Akajibu bila kugeuka: "Miye niko na macho, mama. Muzee, lakini iko inaona. Jumamosi niliona wewe ukikaa chini kwenye vumbi. Niliona na ule aliyepiga."

Walikuja. Walikula. Mimi sikula. Hakuna aliyeongelea gongo, na lilikuwa katikati ya meza! Bernardine alipotaka chumvi alilizunguka kwa mkono. Mwishowe shingo ilikuwa moto mpaka masikioni, nikaanza kusema nikitazama samaki. Nilisema yote. Maji, karoti, gunia, parachichi, mashati. Nilisema na ya kikombe cha chai. Nilisema kwa Kiswahili, na kumbe maneno yalikuwepo.

Doriane alicheka! Alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema alijua tangu Ijumaa: alilitazama shati saba kwapani, halina mshono hata mmoja. Nikamuuliza kwa nini alikubali. Akasema alikuwa amechoka, kila mrushaji akiona saba anamwogopa na kumrushia mipira ya mbali. Kwenye kumi na moja walimrushia vizuri, kama wanamrushia mtoto.

Halafu akaacha kucheka. Akasema ila jana, pale kwenye kipaza sauti, pale ilimuuma. Hapo nililia kidogo. Nikasukuma gongo kwake. Akalichukua.

Walipoondoka Koko alitafuta kitu cha kutundika kwenye msumari. Ametundika chekecheo la unga.

Alhamisi, tarehe 18 Desemba

Asubuhi Doriane alikuja na gongo begani. Akamwamkia Koko, akasema hema lao halina pa kupigia msumari, na turubai likivuja rangi inaharibika. Akaomba kama linaweza kukaa kwetu mpaka wajenge. Koko alijifanya anafikiri. Alikuwa ameshalitoa chekecheo!

Akaniambia niandike jina, mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko ule wa masista wa Uvira, kwa mkia chini ya herufi ya mwisho: DORIANE, NAMBA 7 NA 11. Koko alilitundika. Fundi wetu ni hodari, msumari haukutikisika. Mama wa kwaya walipokuja, Koko aliwaambia hili ni gongo la mtoto wetu, wakauliza yupi, akasema bakae kwanza, bakunywe chai.

Nimekaa chini ya gongo naandika. Nimejifunza mengi wiki hii. Kubadilisha mashati ni upumbavu. Sitarudia kamwe. Kosa langu halikuwa kwenye mashati, lilikuwa kwenye kura. Kocha haruhusiwi kumpigia mchezaji wake, sawa. Lakini kanuni haisemi kitu juu ya mjukuu wake.

Kocha Mihigo anarudi shule Januari, na Rubondo hawana kocha. Koko ana kiti chake mwenyewe, ana mwavuli, sauti yake inafika mbali, na macho yake, amesema mwenyewe, yanaona.

Msumari wa pili unaweza kukaa kushoto kidogo. Nimepima. Kesho namwita fundi.